Sikio la Ukurasa

Upepo ukichachamaa, manispaa ya Punta Arenas hufunga kamba
kutoka benki hadi kona ya duka la sufu,
wapita njia wazishike wasipeperushwe.
Ndiyo maana maktaba yetu hujaa mwezi wa Oktoba:
nusu wamekuja kusoma,
nusu wamekuja kwa kuwa mlango ulikuwa karibu.
Siwaulizi. Fomu ya uanachama haina nafasi
ya kujaza sababu.

Kazi yangu ni vitabu vinavyorudi.
Navishika mgongo, navikung'uta kama shuka,
navyo vinatema:
risiti ya vitunguu na mishumaa miwili,
unywele mweupe, eksirei ya jino,
orodha ya mambo ya Jumamosi
ambamo maziwa yamekatwa, betri zimekatwa,
"mpigie Rosalba" bado.
Vyote huingia kopo la biskuti chini ya kaunta.
Kanuni inasema siku tisini, kisha jalalani.
Kopo sasa ni la tatu.

Saa nne huja Bi Edelmira, mwalimu mstaafu wa hesabu,
kusahihisha magazeti kwa penseli.
Nimemkataza mara mbili.
Kabla ya mara ya tatu nikakuta koma ya penseli
kwenye tangazo langu mwenyewe, ukutani,
mahali ilipopaswa kuwa.
Nikafyata.

Huja Yerko wa chuo cha ufundi, anayesomea injini za dizeli
lakini hukaa kwenye rafu ya ushairi,
eti hapo ndipo penye hita.
Viatu vyake vinafuka mvuke,
kitabu ki wazi magotini.
Leo hita imeharibika tangu asubuhi.
Amekaa palepale.

Na Don Nazario.
Miaka arobaini alikata manyoya ya kondoo;
vidole vikagoma kunyooka, vikabaki umbo la mkasi.
Kila baridi ikianza aliazima riwaya ileile,
nene kama tofali, ya ndugu wanaogombea shamba,
na kila baridi ikiisha aliirudisha
ikiwa na sikio la ukurasa lililokunjwa.
Mwaka wa kwanza, ukurasa wa thelathini na tisa.
Kisha themanini na mbili. Kisha mia moja na kumi.
Mwaka aliofiwa na mkewe, mia moja na kumi na moja.

Nikamwambia, Don Nazario, tunazo alamisho za bure,
tazama, hii ina pengwini.
Akaigeuza huku na huku, akanirudishia.
"Hizi huanguka. Mkunjo hauanguki."
Nami nilisubiri aondoke
nikalikunjua sikio, nikalipiga pasi kwa ukucha,
mwaka baada ya mwaka,
nikijiona mlinzi wa mali ya umma.
Kwamba baridi ijayo angeanzia wapi,
hilo halikunipitia akilini.

Agosti hii kitabu kimeletwa na binti yake
ndani ya mfuko wa duka la dawa.
"Alikuwa amebakiza kidogo," akasema.
Kisha: "Sijui kidogo ni kiasi gani."
Hakutaka kukaa. Alishika kamba, akaenda.

Nikakikung'uta kwa mazoea. Hakikutema kitu.
Sikio: mia tatu na nne,
kati ya mia tatu na arobaini.
Nikapitisha kidole kona za juu, tangu mwanzo,
na kidole kikakuta kila kovu nililodhani nimelifuta,
thelathini na tisa, themanini na mbili,
mia na kumi, halafu hatua moja tu,
kama mtu anayepanda ngazi gizani.
Kumbe alikuwa akipapasa.

Nikagonga muhuri, nikaandika jina langu.
Nyumbani nilianzia pale alipoachia.
Kesi ya shamba haijasikilizwa, shahidi amekwama kwenye theluji,
na ndugu mdogo, ambaye simjui,
analia kwa jambo la ukurasa ambao sijausoma.

Usingizi ulinikuta mia tatu na kumi na mbili.
Alamisho ya pengwini ilikuwa mezani, upande wa pili wa chumba.
Upepo ulikuwa ukijaribu dirisha.
Sikuinuka.